Chuo kinafunguliwa Juni 1: tuanze na kipi, geti au bweni?

Katibu wa Kamati, Mbeya (23 Mei 2020)

Habari za leo, ndugu zangu.

Mimi ni msaidizi wa Mshauri wa Wanafunzi katika chuo kimoja cha hapa Mbeya chenye wanafunzi wasiofika elfu moja, ambao theluthi yao wanalala katika mabweni yetu na waliobaki wamepanga mitaani. Juzi Alhamisi, Mei 21, Mheshimiwa Rais Magufuli ametangaza kuwa vyuo na kidato cha sita vifunguliwe Juni 1, baada ya kufungwa tangu katikati ya Machi kwa sababu ya corona. Kati ya leo na siku hiyo ipo sikukuu ya Idd, na wapo wanafunzi watakaoanza kuingia mjini mapema kwa mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Tunduma. Chuo kimeunda kamati ndogo ya maandalizi ambayo mimi ni katibu wake, nami naomba mawazo ya wenye uzoefu kabla fedha chache tulizotengewa hazijaishia kwenye vitu vya kuonwa na wageni.

Mpaka sasa tumeagiza ndoo za koki na sabuni ya maji, na fundi wetu anachomelea stendi za kukanyaga kwa mguu ili mtu asiishike koki. Vipimajoto viwili vya kuelekezea kwenye paji la uso vimeshanunuliwa kwa ajili ya getini. Mjumbe mmoja amependekeza tujenge kibanda ambacho kila anayeingia atapita ndani yake na kupuliziwa maji ya klorini, na makadirio ya fundi yanakaribia nusu ya bajeti yote. Wajumbe wengi wamekipenda kibanda hicho. Mimi nina mashaka nacho ila sina hoja ya kitaalamu ya kuwapinga.

Linaloninyima usingizi ni mabweni. Chumba kimoja kina vitanda vinne vya dabo deka, yaani wanafunzi wanane, na wanarudi wakati baridi ya Juni na Julai inaanza, ambapo usiku huku kwetu hushuka chini ya nyuzi 10. Hakuna atakayekubali kulala dirisha likiwa wazi. Vilevile hatujaelewana tumfanyeje mwanafunzi atakayeamka na homa wiki ya mitihani, kwa kuwa kanuni zetu za mitihani ziliandikwa kwa ajili ya nyakati za kawaida. Takwimu mpya za kitaifa hatuzipati tangu mwanzoni mwa mwezi huu, hivyo tumekubaliana tupange kana kwamba ugonjwa upo chuoni tayari.

Naomba michango yenu, hasa ya wale wanaosimamia mabweni na zahanati za vyuo.

Muuguzi Mkufunzi, Iringa

Ndugu Katibu, salaam kutoka Iringa.

Nianze na kibanda, kwa sababu ndicho kinachotaka kumeza fedha zenu. Msikijenge. Klorini husafisha sakafu, vyoo, vitasa na meza. Virusi alivyobeba mtu viko puani na kooni, mahali ambapo dawa hiyo haifiki wala haitakiwi kufika, kwa hiyo kumlowesha nguo getini hakumpunguzii yeye wala mwenzake hatari yoyote. Kinachopatikana ni macho kuwasha, kifua cha mwenye pumu kubana, na watu wote kuingia ndani wakiamini kwamba wametakaswa. Katikati ya mwezi huu Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa usafi unaosema kwamba kuwapulizia watu dawa, iwe katika kibanda au chumba, hakupendekezwi kwa hali yoyote. Chapisheni ukurasa huo mmoja, mwekeeni kila mjumbe mezani, na hoja mnayo.

Klorini yenyewe nunueni, ila kwa kazi yake. Ile ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji hutoa asilimia 0.5, inayotosha hata kwa chumba alicholala mgonjwa. Kwa vitasa, meza na reli za ngazi asilimia 0.1 inatosha, yaani kikombe kimoja kwa vikombe thelathini na vinne. Mhudumu aoshe kwanza kwa maji na sabuni, maana uchafu huimaliza nguvu klorini, kisha apake dawa na kuiacha kwa muda kabla ya kufuta. Ichanganywe mpya kila asubuhi, mahali penye hewa, na kamwe isikutanishwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Hili la mwisho wahudumu wa usafi waelezwe ana kwa ana na waonyeshwe chupa zenyewe. Wengi wao tunawakabidhi madumu bila kuwaambia neno.

Vipimajoto mnavyo, basi vitumieni, ila mjue mipaka yake. Mwanafunzi aliyetembea kutoka Uyole saa moja asubuhi katika baridi yenu paji lake la uso limepoa, na kipimajoto kitaonyesha nyuzi 34 au 35 hata kama ndani ana homa. Akae kwanza kwa dakika kumi hivi mahali pasipo na upepo, ndipo apimwe. Na hata akipimwa vizuri, aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 2 hadi 14 kabla ya dalili kutokea, wengi wao siku 5 au 6, na wengine hawapati homa kabisa. Geti litawanasa wachache, na kazi iliyobaki yote iko mahali wanapolala, wanapokula na wanapokaa darasani.

Chumba cha mgonjwa kiandaliwe kabla ya mwanafunzi wa kwanza kufika. Kiwe na dirisha linalofunguka na choo chake, au angalau choo ambacho wengine hawakitumii, ndoo, blanketi za kutosha, na mhudumu mmoja anayejulikana kwa jina badala ya kila mtu anayepita. Jaribuni sasa hivi, siyo siku ya tukio: nani atapiga simu 199 au kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, gari lipi litatumika, dereva ni nani, na baada ya hapo gari litasafishwa na nani. Mgonjwa asipandishwe bajaji na rafiki yake.

Kuna jambo ambalo kamati nyingi hulipita. Si kila kikohozi ni corona, na mikoa yetu ina historia yake. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Kwa hiyo miongoni mwa wanafunzi na wafanyakazi wenu wapo wanaotumia ARV, na huenda waliondoka Machi kwa haraka wakaanza kuchukulia dawa katika vituo vya nyumbani kwao. Wapo pia ambao kikohozi cha wiki mbili na zaidi ni kifua kikuu, na wanahitaji kupimwa makohozi badala ya kufungiwa chumbani. Mkiweka fomu ya afya mezani getini, mlinzi akisoma na foleni ikichungulia, kila mtu ataandika kwamba hana tatizo. Toeni namba ya simu ya muuguzi mmoja, mwanafunzi ampigie kabla hajasafiri, na anachosema kibaki kwa muuguzi huyo.

Kiongozi wa Wanafunzi, Kihesa

Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na kiongozi katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja cha hapa Iringa. Nimesoma michango yote kwa makini, na naomba niseme lile ambalo wanafunzi hawatalisema mbele ya kamati.

Mwenye homa atameza panado saa kumi na moja alfajiri na kupita getini akiwa na nyuzi 36. Hatafanya hivyo kwa ukorofi, ila kwa kuwa ameshapiga hesabu. Akijisalimisha atakosa testi, na akikosa mtihani wa mwisho ataambiwa asubiri mtihani maalumu ambao katika vyuo vingine hufanyika miezi kadhaa baadaye, wakati mkataba wake wa chumba umeisha na hana tena fedha ya kujikimu. Pia ataondolewa bwenini mchana mbele ya watu, na kuanzia siku hiyo ataitwa jina la ugonjwa mpaka amalize chuo. Wekeni ndoo mia moja, lakini hesabu hiyo isipobadilika mtakuwa mnawapima wazima tu.

La pili, ninyi mnajadili bweni wakati theluthi mbili ya wanafunzi wenu wako mitaani. Huku Kihesa, na naamini kwenu ni vivyo hivyo, geto moja lina wanafunzi watatu au wanne wanaochangia godoro mbili, bomba moja la uani na choo kimoja na familia ya mwenye nyumba. Mmoja wao akiugua, wa kwanza kumfukuza ni mwenye nyumba. Chuo kinaweza kuwaandikia wenye nyumba barua fupi kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ikieleza kwamba mwanafunzi akiugua chuo kitamchukua na kumhudumia, na hivyo hakuna sababu ya kumtupia mizigo nje. Chumba cha wagonjwa kilichotajwa hapo juu kiwe cha wanafunzi wote, wa bweni na wa mtaani, bila malipo.

Mwisho, matangazo. Tangu Machi makundi yetu ya WhatsApp yamejaa sauti za watu wasiojulikana wanaofundisha tiba. Chuo kikikaa kimya kwa siku mbili, nafasi hiyo inajazwa. Tunaomba tangazo moja fupi kila jioni, lipitie kwa wawakilishi wa madarasa, hata kama siku hiyo hakuna jipya la kusema.

Mlezi wa Mabweni, Njombe

Mwanangu wa Kihesa, marahaba, umesema kweli tupu.

Mimi nitazungumzia madirisha, maana nimelea mabinti bwenini kwa miaka mingi, na huku Njombe mwezi wa saba kuna asubuhi ambazo nyasi zina sakitu. Ukitoa amri kwamba madirisha yalale wazi, utakuwa umeandika amri tu. Kufika saa tano usiku yatakuwa yamefungwa yote na matundu yamezibwa kwa maboksi na kanga. Sisi tumeligawa jambo hili. Mchana, wakishatoka saa mbili asubuhi, mhudumu anafungua madirisha na milango ya pande zote mbili mpaka alasiri, jua likiwepo na magodoro yanageuzwa. Jioni kabla ya kulala vinafunguliwa tena kwa robo saa huku wote wakiwa wamevaa masweta. Usiku kinachobaki wazi ni kioo cha juu kabisa cha kila dirisha, ambacho tumekiondoa na kuweka wavu wa mbu, na hicho mwanafunzi hawezi kukifunga. Hewa inapita juu ya vichwa vyao wala haimpigi mtu usoni. Katika barua ya kuwaita chuoni andikeni kila mmoja aje na blanketi mbili nzito. Mzazi akiambiwa mapema atatafuta.

Vitanda vinne mnavyosema, kiondoeni kimoja kama nafasi ipo ya kukipeleka, na wanaobaki walale vichwa vikipishana, huyu kichwa huku na wa kitanda cha pili kichwa kule.

Sasa sikilizeni, hili linaua haraka kuliko corona. Mkishabana milango kwa baridi, yupo atakayeingiza jiko la mkaa chumbani, akisema ni la kupasha maji au la kunyooshea nguo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na watu hufa wamelala. Kagueni vyumba kila jioni, na msitegemee tangazo la ukutani.

Kuhusu kujifukiza, kila mtu ana imani yake na mimi sina ugomvi na mtu. Lakini nimewakuta wasichana watatu ndani ya blanketi moja juu ya sufuria moja, wanakohoa na kucheka, kila mmoja anavuta pumzi ya mwenzake. Hapana. Na maji yale yakimwagika mapajani mnapeleka hospitali mgonjwa wa kuungua.

Mhadhiri, Mbeya

Ndugu Katibu, mimi nafundisha hapa hapa mjini, katika chuo kingine. Hoja ya kiongozi wa wanafunzi ndiyo ningeiweka mbele ya nyingine zote, na utekelezaji wake hauhitaji fedha, unahitaji kikao cha baraza la taaluma kukaa kabla ya Juni 1 na kuandika uamuzi wenye mambo haya: anayeripoti dalili kabla ya mtihani anahesabiwa kuwa na sababu halali kwa maelezo ya muuguzi wa chuo peke yake, bila kulazimishwa kufuata cheti cha daktari hospitalini, mtihani wake maalumu unafanyika ndani ya wiki chache baada ya kupona, na halipi ada ya ziada, na siku alizokuwa chini ya uangalizi hazimpunguzii mahudhurio. Vyuo vingi vina sharti la mahudhurio ya asilimia 75, na mwanafunzi aliyefungiwa siku 14 katika semista iliyofupishwa anaweza kulikosa kwa sababu hiyo tu.

Nikiwa kwenye mahudhurio, niwakumbushe karatasi ile. Tunatenganisha viti, tunavaa barakoa, halafu tunapitisha karatasi moja na kalamu moja ambayo kofia yake imeshang'atwa, kutoka mkono hadi mkono mpaka safu ya mwisho. Mwakilishi wa darasa aandike majina mwenyewe akiwa mlangoni.

Darasa kubwa ligawanywe, na vikundi vya semina vifuate vyumba vya bweni, ili wanaolala pamoja ndio wanaosoma pamoja. Mtu mmoja akiugua mnajua waliokuwa naye bila kuanza upelelezi. Kwa wa mitaani gawanyeni kwa mtaa: Soweto kikundi chake, Iyunga kikundi chake. Somo linaloweza kutumwa kwa simu litumwe kama maandishi mepesi, maana video itakula bando la mwanafunzi kwa siku moja. Kipindi kikiisha, madirisha yote ya darasa yafunguliwe kabla ya kundi linalofuata kuingia.

Katibu wa Kamati, Mbeya

Nawashukuru sana nyote. Leo kamati imekaa na nimewasomea majibu yenu karibu yote. Kibanda kimefutwa, ingawa aliyekipendekeza hakufurahi. Fedha zake zimegawanywa kati ya chumba cha wagonjwa, ambacho kitakuwa nyumba ndogo ya wageni iliyo nyuma ya maktaba na ina choo chake, na marekebisho ya madirisha kwa namna aliyoieleza Mama wa Njombe. Barua kwa wenyeviti wa mitaa inaandikwa. Kuhusu mitihani, Mkuu wa Taaluma amekubali maelezo ya muuguzi yatoshe, lakini anasita kufuta ada ya mtihani maalumu. Anahofia kwamba ambao hawajajiandaa watajifanya wagonjwa.

Nina maswali mawili ya mwisho. Mpishi mkuu wetu ana umri wa zaidi ya miaka sitini na ana shinikizo la damu, na mlinzi wa zamu ya asubuhi getini ana kisukari. Wote wawili wanategemea mshahara na wamesema hawataki kukaa nyumbani. Tuwaweke wapi? Pia foleni ya chakula hatujapata jibu lake.

Muuguzi Mkufunzi, Iringa

Ndugu Katibu, hongereni kwa nyumba ya wageni.

Mwambie Mkuu wa Taaluma kwamba wavivu watakuwepo, na mtihani maalumu utawakuta hawajajiandaa vilevile. Anachopaswa kupima ni gharama ya mgonjwa mmoja wa kweli aliyekaa saa tatu katika chumba cha mtihani chenye watu themanini kwa sababu alikosa fedha ya ada. Kama anahofia wingi, muuguzi aliyepokea taarifa ampigie mgonjwa kila siku na kuandika hali yake. Mwenye kujifanya huchoka siku ya tatu, hasa akijua kwamba haruhusiwi kutoka katika nyumba hiyo.

Mpishi mkuu abaki na cheo chake na mshahara wake, ila asisimame dirishani kugawa chakula. Asimamie stoo, manunuzi na maandalizi ya asubuhi, na jikoni kwenu moshi na mvuke vinataka milango wazi siku zote, jambo ambalo kwake ni zuri. Kugawa kufanywe na vijana wawili wenye barakoa, ambao ndio pekee wanaoshika miko. Foleni mtaipunguza mkifungua kantini kwa awamu kufuata vile vikundi vya semina, kila kundi na nusu saa yake. Kila mwanafunzi aje na sahani, kijiko na kikombe chake na aoshe mwenyewe kwa maji tiririka. Lile beseni moja la kuoshea vikombe vya chai liondolewe. Mama lishe walio nje ya geti muwaalike siku moja mapema, muwape ndoo na sabuni sawa na mnavyowapa wa kantini yenu, kwa sababu wanafunzi wenu wa mitaani wanakula kwao.

Mlinzi wenu asikae getini asubuhi, saa ambayo kila mtu anapita akipumua mbele yake. Mhamishieni zamu ya mchana kwenye uzio wa nyuma au maegesho, hewani, na kipimajoto ashike mtu mwingine mwenye umri mdogo. Wote wawili wakumbusheni wawe na dawa zao za mwezi mzima mkononi kabla ya tarehe 1, na kadi zao za bima ziangaliwe kama hazijaisha muda, kwa sababu wakati vyuo vimefungwa huenda zipo ambazo hazikuhuishwa.